Jina la Alfred Limeishia Kwako

Mwanangu mpendwa, baba yangu,

Shikamoo.

Watakaoisoma barua hii watashangaa mama kumwamkia mwanawe. Waache washangae. Wewe ungeitikia bila hata kuinua uso kutoka kwenye hicho unachokifungua kwa bisibisi, "Marahaba, binti yangu, umeamkaje?" na mkono ungeunyoosha kupokea kikombe cha chai. Tangu ulipoanza kutamka maneno, ndivyo tulivyoanza siku zetu pale nyumbani Usagara, Tanga. Majirani walishazoea. Wageni ndio waliokuwa wakigeuka kumtazama mwanamke mzima amepiga goti mbele ya mtoto wa kaptula ya shule.

Nawaeleza wao, maana wewe unajua. Baba yangu mzazi aliitwa Alfred. Alifariki mimba yako ikiwa haijaanza kuonekana, na baba yako wewe alikuwa keshafunga mabegi yake akaenda zake, kwa hiyo ukoo uliobaki wa kukupa jina ulikuwa wetu. Kwetu sisi Wabondei wa Muheza, jina la mtu aliyeondoka halikai bila mwenyewe. Linasubiri mtoto. Ulipozaliwa mwanamume hakuna hata aliyeuliza. Ukabatizwa Alfred, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuita Alfred. Mimi ningemwitaje baba yangu kwa jina? Nilikuita Baba. Bibi yako, mama yangu mimi, alikuita Mume Wangu, na ukichelewa kurudi kutoka mpirani alikungoja mlangoni kashika kiuno, "Leo umepitia kwa mke mdogo, eti?" Mjomba wako alikuita Mzee. Mtaa ukachukua Babuu, na wewe mwenyewe ukalipenda hilo kuliko yote. Mdogo wako Neema, wa baba mwingine, alianza shule akiamini kwamba Babuu ndilo jina lako la ubatizo.

Bibi alikuwa na hadithi ya jina hili, na ulikuwa ukimchokoza airudie kila alipokaa kuchambua mchele. Baba wa babu yako alikuwa mpishi wa Mwingereza mmoja, mhandisi wa mitambo katika shamba la mkonge. Mpishi alipopata mtoto wa kiume, yule Mwingereza alitoka kwake akaja mpaka kambi ya wafanyakazi, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akaomba. Mabwana wa zama zile hawakuwa na kawaida ya kuomba. Alikuwa na mdogo wake aliyefia vitani, hajaoa, hajaacha mtoto, na jina lake lilikuwa Alfred. Akauliza kama mtoto wa mpishi anaweza kupewa jina hilo. Wazee walielewa mara moja, tena wakamwona ni mtu mwenye adabu zake, kwa sababu alichokiomba ndicho walichokuwa wakikifanya wenyewe siku zote. Sijui kama kwao Uingereza watu hufanya hivyo au alijifunza kwetu. Mtoto akabatizwa, na jina la yule kijana likapata mahali pa kuishi, kambini, katikati ya mkonge.

Kwa hiyo jina lilitufikia likiwa tayari na maiti wake. Wakati ule hatukuliona hivyo. Tulisikia habari ya mpishi aliyeombwa na bwana wake, tukaona fahari.

Unakumbuka siku ulipoitafuta maana yake kwenye simu? Tulikuwa uani, mimi nashona sare za shule, Bibi kavaa kitenge chake cha akina mama wa kanisa kwa sababu alikuwa anatoka kwenye mazoezi ya kwaya. Ukasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Ni jina la Kiingereza cha kale sana, ukasema, limeundwa kwa maneno mawili. Moja ni wale viumbe wadogo wa porini ambao macho ya watu hayawaoni, na la pili ni shauri. Ukaiweka simu magotini.

"Bibi, kumbe mumeo alikuwa anashauriwa na majini!"

"Shindwa!" Bibi akaruka. "Mume wangu kashauriwa na mie, tangu siku ya ndoa mpaka siku anakata roho. Majini wangepitia wapi?"

Tulicheka mpaka cherehani ikanisimama. Ukaendelea kutusomea. Kwamba jina hilo walikuwa nalo wafalme wao wa kale. Kwamba baadaye lilichakaa hata huko kwao, likabaki kwa vikongwe, kisha miaka ya karibuni wazazi vijana wamelichukua tena na sasa wachanga wengi wanaitwa hivyo. "Unaona, Mama? Huko limerudi ujana. Mimi nimewatangulia." Nami nikakujibu kwamba hapa Tanga Alfred ni mzee mwenye baiskeli, koti na miwani iliyofungwa kwa uzi, na kwamba kijana wa jina hilo simjui mwingine ila wewe. Ilikuwa kweli. Watoto wa mtaa wetu ni akina Brayan na Jayden na Ethan. Bado tunachukua majina kwa Waingereza, lakini siku hizi tunayachukua kwenye televisheni, hayana mtu ndani. Lako lilikuwa na watu wawili kabla yako, na wote nilikuwa nawajua, mmoja kwa hadithi na mmoja kwa harufu ya koti lake.

Nakwenda polepole kwa sababu sitaki kufika.

Ulikuwa fundi wa pampu za maji zinazoendeshwa na jua. Vijiji vya pwani vyote vilikujua, na ukirudi ulinuka mafuta ya pikipiki na vumbi la barabara ya Pangani. Kabla hujaanza kukaa safarini ulimnunulia Bibi simu ndogo ya vitufe, ukamsajilia laini, ukachagua namba rahisi ili nawe uikumbuke bila kuitazama. Halafu ukamfundisha. Yule bibi tayari alikuwa ameponea chupuchupu kwa matapeli, wale wanaopiga wakisema mwanao yuko mahututi, tuma hela ya dawa. Ukamkalisha. "Bibi, mtu usiyemjua akikupigia na kukutajia jina la ndugu yako, huyo tapeli. Usiingie mkenge. Mjibu kavu, kata, na akirudia usipokee." Ukatoka nyuma ya nyumba, ukampigia kwa sauti ya kubana pua, "Shikamoo mama, samahani, hapo ni kwa mzee Alfred? Kuna mzigo wake huku." Naye akajibu vile anavyojua mwenyewe, akakata, ukarudi unapiga makofi. Mlicheza mchezo huo mara nyingi. Akawa hodari. Mtaani kote ikajulikana kwamba simu ya yule bibi haingiliki.

Na jibu lake lilikuwa lile lile kila mara.

Jioni ile, wewe uko kazini kijiji cha Mkwaja, nilirudi kutoka sokoni kununua uzi, nikamkuta kakalia mbuzi anakuna nazi, anacheka peke yake. "Mwenzangu, wamenirudia leo," akaniambia. "Safari hii mwanamke, tena kasauti ka upole, ungemhurumia. Ananiuliza ati namjua Alfred? N'kamwambia, 'Alfred keshakufa, mwanangu. Mjane wake ndiye mie.' N'kakata. Kapiga tena, n'kakata, kapiga tena, n'kakata. Mume wangu akirudi kutoka huko Mkwaja n'tamhadithia, atafurahi huyo!"

Nilicheka, Baba. Nilicheka na kufuta macho kwa ncha ya kanga. Tukala wali na mchuzi wa samaki, tukakuwekea wako kwenye hotipoti, kwa sababu ulisema ukimaliza pampu mapema utarudi siku hiyo hiyo.

Kesho yake wakaja wenzako wawili wa kazini. Walisimama mlangoni, hawakukaa. Wakasema ulitoka Mkwaja ukiwa mzima, na kwamba karibu na Mwera kulikuwa na lori na pikipiki yako. Kwamba wasamaria walikubeba wakakufikisha hospitali. Nikavaa viatu vya mtu mwingine, sijui vya nani, nikaenda nao.

Nesi aliyekupokea alikuwa binti mdogo, wa umri wa Neema. Alinishika mikono yote miwili. Akaniambia uliletwa ukiwa unaongea, simu yako imesagika, na alipokuuliza jina ukamwambia Alfred. Alipokuuliza namba ya ndugu, uliyokuwa nayo kichwani ni moja. Akaipiga, nawe unamtazama.

"Alipokea bibi mmoja," akasema. "Akaniambia Alfred alishakufa, yeye ndiye mjane wake, akakata simu. Nilijua nimekosea namba. Lakini marehemu alikuwa amesikia, akatabasamu, akasema, 'Mwambie ni Babuu.' Nikapiga tena, ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa. Mama, samahani, Babuu ni nani?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa, na mpaka leo silijui jibu lake. Kwa maisha yako yote uliitwa kila kitu isipokuwa Alfred. Siku moja tu ulilitumia jina lako kwa ajili yako mwenyewe, kwa mtu asiyekujua, na nyumbani kwenu halikuwa na mtu hai. Ulifariki kabla jua halijazama. Sikuuliza ilikuwa saa ngapi. Sitaki kujua kama ilikuwa kabla ya kucheka kwetu au katikati yake.

Kwamba ulitabasamu, sijui nilifanyie nini jambo hilo. Watu wa kanisani wananiambia nishukuru, mwanangu alikwenda kwa amani. Hawajui ulikuwa unatabasamu nini. Mimi najua. Ulikuwa unamsifu mwanafunzi wako.

Tulikuzika Muheza, pembeni ya babu yako. Mzee Gulam mwenye duka la kona, ambaye alikuwa akikupa pipi za bure tangu ulipong'oka meno ya utoto, alifunga duka akaja na wanawe wote. Akasimama mbele ya msalaba akiusoma, akasoma tena, akanigeukia. "Babuu ndiye Alfred?" akaniuliza. "Hapana, mama, mimi nimekuja kwa Babuu." Akalia pale, mzee wa watu, nikawa mimi ninayembembeleza. Na fundi wa saruji naye, siku ya kujengea kaburi, aliniita kando kwa heshima: "Mama, jina hili mbona lipo tayari hapa jirani? Hamjakosea?" Nikamwambia hatujakosea. Aandike tu.

Nilimzika baba, nikamzaa baba, nikamzika tena. Ukiwa na baba mmoja unamlilia, watu wanakupa pole, unarudi kazini. Huyu wa pili nilimnyonyesha.

Sikumwambia Bibi alichosema nesi kuhusu simu. Sikumwambia mtu. Mjomba wako hajui, Neema hajui, na sasa watajua wakiisoma barua hii, wanisamehe. Bibi alipojilaza mchana, siku ya pili ya msiba, nilichukua simu yake nikaifuta ile namba iliyopiga mara tatu. Nilijiambia, yule amebakiza muda gani duniani? Aende bila kujua. Baada ya msiba hakuishika tena ile simu. Aliisukuma ndani ya droo ya kabati na chaji yake, nami nikadhani ni majonzi tu, kwa kuwa wewe ndiye uliyemnunulia. Alikuwa akikaa uani na ungo wa mchele magotini bila kuuchambua. Nilipomsemesha aliniitikia. Hakuwahi kuniuliza chochote kuhusu siku ile, hata mara moja, na mimi nikajiona nina bahati.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikuandikie. Neema amejifungua. Mtoto wa kiume. Najua ungekuwa wa kwanza kufika hospitali na ile jezi ndogo uliyokuwa ukimtania kwamba utamnunulia mwanawe.

Ukoo ulikutana nyumbani Jumapili baada ya ibada. Mjomba wako alizungumza vizuri, sina la kumlaumu. Alisema jina halikai bila mwenyewe, kwamba tumelilaza vya kutosha, kwamba mume wa Neema ameridhia, na kwamba kwa kuwa jina ni la baba yetu na nimeshalibeba kwa uchungu wangu mwenyewe, mimi ndiye wa kumpakata mtoto na kumwita kwa mara ya kwanza. Kila mtu alinitazama kwa mapenzi. Wakaniwekea mtoto mapajani. Ana masikio yako, Baba, yale yaliyosimama kidogo, ambayo Bibi alikuwa akisema ni masikio ya mume wake.

Mdomo haukufunguka.

Nilijaribu. Nilijiambia ni neno moja tu, wamelitamka Waingereza, wamelitamka makuli wa mkonge, wewe lilikutoka hata ulipokuwa unavuja damu. Lakini nikaona jinsi itakavyokuwa. Nitalitamka leo, na kesho hakuna atakayemwita hivyo. Ataitwa Baba, ataitwa Mume Wangu, ataitwa Babuu mpya, tutampenda kwa majina yote hayo, na lile lenyewe tutaliacha makaburini, kwa wenyewe. Halafu siku moja atalihitaji. Nilimwangalia mtoto na nikamwonea huruma sana, na nikajionea huruma mimi, na nikabaki kuyapapasa yale masikio mpaka Neema akaanza kulia.

Mjomba wako akadhani namuachia yeye. Akakohoa, akasema, "Basi, tumwite kwa pamoja. Karibu nyumbani, Alfred."

Ndipo Bibi alipoinua uso. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na kabati, na kwa muda mrefu sana hatukuwa tumeisikia sauti yake mbele ya watu. Aliongea taratibu, kwa adabu, kwa sauti ya mtu anayejibu simu.

"Alfred keshakufa, mwanangu. Mjane wake ndiye mie."

Watu walitazamana. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba uzee umemwingia. Mjomba akasema, "Sawa mama, sawa, tunajua," akamshika bega. Lakini Bibi hakuwa akimtazama Mjomba. Alikuwa akinitazama mimi, macho makavu kabisa, na nilielewa kwamba hakuna nilichomficha. Alijua tangu wenzako waliposimama mlangoni. Alijua nilipoichukua simu. Huenda hakuwa hata amelala. Muda wote huo alikuwa akijua, na amekaa nalo uani, na ungo wake, peke yake, ili mimi nisijue kwamba anajua.

Mtoto anaitwa Ethan. Ni jina zuri, halijawahi kumzika mtu kwetu.

Bibi na mimi bado tunaishi nyumba moja. Tunapikiana, tunaulizana chumvi iko wapi. Hatujalitaja. Sidhani tutalitaja, na sina tena matumaini kwamba mmoja wetu atamfariji mwenzake, maana kila mmoja ndiye anayemkumbusha mwingine. Watu wanaponiambia nitazoea naitikia kwa heshima. Sitazoea. Huko ughaibuni, ulitusomea, jina limerudi ujana, wachanga wanaitwa hivyo kila siku na mama zao wanalipaza dirishani bila kuogopa. Huku kwetu limeishia kwako. Yule kijana wa vitani, babu yangu mpishi alimfungulia mlango. Mimi niliufunga, na Bibi akaweka komeo.

Asubuhi bado namimina vikombe vitatu. Najisahau, mkono unajiendea wenyewe. Tena hujisahau zaidi ya hapo, kwa sababu goti nalo hukunja, na lile neno hunitoka kabla sijalizuia, pale pale kwenye mkeka ulipokuwa ukikalia na bisibisi zako. Bibi husikia kutoka chumbani.

Baba alinilea kwamba mtoto akimwamkia mkubwa wake hainuki mpaka aitikiwe. Nami sijaitikiwa.

Shikamoo, Baba.

Binti yako, niliyekuzaa.